Talking Heads: uanze na albamu ipi?

Talking Heads walitoa albamu nane za studio kati ya 1977 na 1988, na zinatofautiana kiasi kwamba kuipenda moja hakukuhakikishii kuipenda inayofuata. Kwa bendi nyingi za roki za Marekani za enzi ile, ukishasikia albamu moja nzuri umeelewa na nyingine zikoje. Kwa hawa sivyo. Mtu anayeanza na ya kwanza kwa sababu tu ndiyo ya kwanza atakutana na sauti kavu ya kijana mwenye wasiwasi, na huenda akaizima kabla ya wimbo wa tatu. Hatajua kwamba miaka mitatu baadaye watu walewale walikuwa wakipiga muziki ambao mtu aliyelelewa na dansi angeingia nao uwanjani bila kuuliza.

Ndiyo maana nazilinganisha mbili mbili, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa msikilizaji mwenye masikio yaliyozoea magitaa yanayosukana, ya rumba ya Kongo au ya benga, mlango wa kuingilia ni Speaking in Tongues ya 1983, na kilele ni Remain in Light ya 1980. Albamu za miaka ya sabini zifuate baadaye, ukiwa tayari unawajua watu hawa na unataka kujua walitoka wapi.

Kigezo ninachotumia ni kimoja: wimbo ni wa nani? Mwanzoni ulikuwa wa mwimbaji wao, David Byrne, na wenzake wakimsindikiza. Mwaka 1980 ukawa wa kila aliyeshika chombo. Kisha kidogo kidogo ukarudi kwa Byrne, na bendi ikavunjika.

Asili yao ni chuo cha sanaa, Rhode Island School of Design, mjini Providence. Byrne, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Canada na Maryland, alikutana hapo na mpiga dramu Chris Frantz na mpenzi wake Tina Weymouth. Walihamia New York, wakakosa mpiga besi, na Weymouth akajifunza besi ili bendi iwepo. Mwaka 1975 walipanda jukwaa la CBGB, baa moja ya mtaa wa Bowery, kuwatangulia Ramones, bendi ya panki. Jerry Harrison aliyetoka bendi ya The Modern Lovers alikuja mwisho, na gitaa lake na kinanda vikakamilisha watu wanne.

Talking Heads: 77 au Fear of Music?

Uzuri wa 77 ni usafi wake. Magitaa hayajatiwa mngurumo wowote, kila chombo unakisikia peke yake, na mara nyingi besi ya Weymouth ndiyo inayobeba wimbo huku gitaa likichokoachokoa pembeni. "Psycho Killer" inafunguliwa na besi yake tupu, na hadi leo ukiipiga mahali penye watu, atatokea mmoja wa kuitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Byrne anaimba kuhusu mambo ambayo roki haikuwa na desturi ya kuyaimba: jengo la ghorofa analoishi mtu, watumishi wa serikali, kitabu alichosoma. Anayaimba kama mtu anayejilazimisha kutulia.

Udhaifu wake ni kwamba usipoipenda sauti hiyo, huna pengine pa kukimbilia. Kila kitu kimemzunguka yeye.

Fear of Music ya 1979 imemzunguka yeye pia, ila chumba kimekuwa na giza. Kasha lake ni jeusi, lenye vinundu kama vya bamba la chuma la sakafuni. Msingi wa nyimbo ulirekodiwa nyumbani kwa Frantz na Weymouth, Long Island City, lori la mitambo likiwa limeegeshwa nje. Nyimbo nyingi zina jina la neno moja tu: hewa, miji, karatasi, wanyama, akili. Karibu kila kitu alichokigusa Byrne kinamtisha. Katika "Life During Wartime" msimuliaji amejificha mjini wakati wa vita, anabadilisha mavazi na nywele, hathubutu kuandika barua, na chini yake mapigo yanacheza kana kwamba hakuna hatari yoyote. Baadaye, upande wa pili, inafika "Heaven", wimbo wa polepole unaoifikiria pepo kama mahali ambapo hakuna jipya linalotokea kamwe. Kwangu huo, alioutunga na Harrison, ndio utunzi mzuri kupita yote ya Byrne ya miaka ya sabini.

Kati ya hizi mbili nachagua Fear of Music bila kusita, na sababu yangu kubwa ni wimbo wake wa kwanza. "I Zimbra" hauna maneno yenye maana. Mashairi yametoka kwa Hugo Ball, mshairi wa Dada, harakati ya wasanii wa Ulaya, aliyeandika silabi zisizo za lugha yoyote, na bendi nzima inayaimba kwa pamoja juu ya ngoma nyingi, na Robert Fripp wa Uingereza akisokota gitaa ndani yake. Kwa mara ya kwanza Byrne si bwana mkubwa wa wimbo. Ni sauti moja kati ya kadhaa. Mlango wa 1980 unafunguka hapo.

Kati ya 77 na Fear of Music kuna More Songs About Buildings and Food ya 1978, ya kwanza kutayarishwa na Brian Eno, iliyorekodiwa Nassau, Bahamas. Ikiwa umekulia kwenye soul, chukua hii badala ya 77. Ndani yake wameimba "Take Me to the River" ya Al Green, wakiivuta polepole mno, na ikafika nafasi ya 26 Marekani. Rekodi ya Green mwenyewe inanipendeza zaidi, lakini hii inaonyesha Frantz na Weymouth walikuwa wanasikiliza nini wakati wenzao wa CBGB wanakimbizana kwa kasi.

Remain in Light au Speaking in Tongues?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na hapa sitafanya haraka.

Katikati ya 1980 walirudi Nassau na Eno bila nyimbo. Walikuwa na vipande. Mmoja anapiga kipande kifupi cha besi, anakirudia na kukirudia. Mwingine anaweka gitaa juu yake, mwingine ngoma, mwingine kinanda, na wote wanabaki kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja au mbili kwa dakika nne, tano, sita. Wimbo ulitengenezwa baadaye kwenye meza ya kuchanganyia sauti: unazima magitaa haya, unawasha yale, na hapo tayari una ubeti na kiitikio ingawa kodi haijahama. Byrne alitafuta maneno mwishoni kabisa.

Njia hiyo haikuzuka tu. Eno alikuwa amemsikilizisha Byrne albamu ya Fela Kuti wa Lagos, Nigeria, Afrodisiac, ya mwaka 1973, na wote wawili walikuwa wakisoma utafiti wa John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana. Walichokiokota Lagos ni ile kanuni kwamba gitaa linaweza kupiga noti nne tu wimbo mzima na likawa na kazi muhimu, mradi noti hizo zikae pale ambapo wengine wamenyamaza. Mpiga rithimu yeyote wa bendi ya dansi anaijua kanuni hiyo mikononi. Kwa roki ya New York mwaka 1980 ilikuwa jambo jipya.

Lakini asije mtu akakuambia Remain in Light ni afrobiti, yaani muziki wa Fela. Si kweli, na tofauti zake ndizo zinazoifanya iwe ya kwao. Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, alicheza akiyumba, mkono mmoja ukiutania mwingine. Frantz anapiga wima kama mlingoti, na wengine ndio wanaomzunguka. Wimbo wa Fela unaweza kujaza upande mzima wa sahani, una kundi la wapuliza vyombo, na unataja wazi nani ameikosea nchi. Hapa nyimbo ni nane, kipulizo ni tarumbeta ya Jon Hassell tu katika "Houses in Motion", na maneno yanazunguka jambo bila kulitaja.

Upande wa kwanza una nyimbo tatu tu, zote za kasi: "Born Under Punches", "Crosseyed and Painless" na "The Great Curve". Katika huo wa tatu, waimbaji akiwemo Nona Hendryx wanapishana kwa safu tatu za maneno tofauti kwa wakati mmoja, kisha gitaa la Adrian Belew linaingia likilia kama mnyama aliyenaswa. Sijasikia dakika sita za roki zilizojaa uhai kuliko hizo. Ukizichezesha kwenye spika nzuri utagundua ala ambazo kwenye simu hazipo kabisa, kwa hiyo usiihukumu albamu hii kwa spika ya simu.

Upande wa pili unaanza na "Once in a Lifetime". Byrne alikuwa akisikiliza wahubiri wa redio za Marekani, na beti zake ni mahubiri kamili: mtu anakunyooshea kidole na kukuuliza umefikaje kwenye nyumba hiyo, na mke huyo. Aliyezoea mikutano ya injili ya viwanjani atamtambua mhubiri huyu kwa pumzi zake tu. Baada ya hapo albamu inaanza kupungua mwendo, wimbo baada ya wimbo, hadi "The Overload" ya mwisho ambayo karibu haitembei. Wengi hulalamikia upande huu. Mimi nausikiliza kwa ajili ya "Listening Wind", hadithi ya kijana Mojique anayewatazama Wamarekani waliotamalaki katika nchi yake na kuandaa bomu. Byrne hakumhukumu wala kumpamba. Amesimama ndani ya macho yake, na upepo unavuma kwenye magitaa.

Sasa Speaking in Tongues. Kati ya albamu hizi mbili pana miaka mitatu yenye mambo mengi. Bendi ilizunguka na watu tisa jukwaani, akiwemo Bernie Worrell aliyepiga vinanda vya Parliament-Funkadelic, kundi la muziki wa funk. Eno aliondoka, huku mzozo kuhusu nani aandikwe mtunzi wa nyimbo za Remain in Light ukiwa haujaisha. Frantz na Weymouth walianzisha bendi yao ya pembeni, Tom Tom Club, na wakapata mafanikio yao wenyewe. Waliporudi kwa pamoja walijitayarishia wenyewe, na tofauti inasikika toka wimbo wa kwanza: ule mfumo wa vipande umebaki, ila sasa una vyumba na madirisha. Kodi zinahama. Viitikio vinakaa kichwani.

"Burning Down the House" ulizaliwa baada ya Frantz kutoka kwenye onyesho la Parliament-Funkadelic alikosikia umati ukipiga kelele ya maneno yaleyale, na ndio wimbo wao pekee ulioingia kumi bora Marekani, nafasi ya 9. "Slippery People" unajengwa kwa kuitikiana kama kwaya, na The Staple Singers, familia iliyotoka kwenye injili hasa, waliuchukua na kuurekodi 1984. Naona hiyo ni shahada kubwa kuliko nafasi yoyote kwenye chati. Jina la albamu lenyewe, maana yake kunena kwa lugha, lina sababu: Byrne aliimba kwanza sauti zisizo na maana akifuata mapigo, kisha akatafuta maneno yanayoingia kwenye umbo hilo. Ndiyo maana maneno yanacheza vizuri hata pale ambapo hayaelezi kitu.

Halafu kuna "This Must Be the Place". Walibadilishana vyombo, Weymouth akashika gitaa, wakapiga kitu rahisi kinachojirudia mwanzo hadi mwisho, na juu yake Byrne akaimba mapenzi, yeye ambaye kwa miaka sita alikuwa ameogopa hata hewa. Nimeona watu wasioelewa neno lolote la wimbo huu wakitabasamu ulipoanza.

Kwa hiyo? Remain in Light ndiyo albamu kubwa zaidi, na sidhani hilo lina ubishi mrefu. Lakini inadai umakini, na nusu yake ya pili itamkatisha tamaa mtu aliyekuja kucheza. Speaking in Tongues inakupa furaha kwanza na ufundi baadaye. Anza nayo, isikilize hadi "Slippery People" ikukae mwilini, ndipo uende 1980. Ukiipata kaseti ya zamani ya Speaking in Tongues usiiache: baadhi ya nyimbo kwenye kaseti ni ndefu kuliko kwenye sahani ya santuri, na urefu huo unazifaa.

Za jukwaani

Zipo mbili, na hazifanyi kazi moja. The Name of This Band Is Talking Heads ya 1982 ni sahani mbili: ya kwanza ni ya watu wanne kati ya 1977 na 1979, ya pili ni ya kundi kubwa la 1980 na 1981, Belew akiwemo. Anayetaka kusikia mabadiliko yenyewe kwa jioni moja hana chombo bora kuliko hiki.

Stop Making Sense ya 1984 ni sauti ya filamu ya Jonathan Demme, iliyopigwa Desemba 1983 katika ukumbi wa Pantages, Hollywood. Byrne anaingia peke yake na gitaa na redio ya kaseti, anapiga "Psycho Killer". Wimbo unaofuata anaingia Weymouth, kisha Frantz, kisha Harrison, hadi jukwaa linajaa watu tisa. Historia yote niliyoieleza hapo juu, ya wimbo wa mmoja kuwa wimbo wa wote, imeigizwa mbele ya macho yako bila maelezo. Itazame, usiishie kuisikiliza. Na ukinunua sauti, angalia toleo: sahani ya awali ilikuwa na nyimbo tisa tu, bila "Heaven" wala "This Must Be the Place". Tafuta la 1999 au la baada yake.

Little Creatures au Naked?

Little Creatures ya 1985 ndiyo iliyouzika zaidi Marekani kati ya albamu zao za studio, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Nyimbo fupi, safi, za watu wanne, zenye harufu ya kantri hapa na pale. "And She Was" na "Road to Nowhere" zitampendeza yeyote. Anayependa nyimbo zenye melodia wazi, asiyejali sana habari za ngoma, anaweza hata kuanza hapa na asijute. Mimi huisikiliza mara chache, kwa sababu bendi imekuwa tena wasindikizaji. True Stories ya mwaka uliofuata, nyimbo za filamu ya Byrne zilizoimbwa na yeye, unaweza kuiruka. Wimbo wake "Radio Head" uliipa jina bendi ya Radiohead, na hilo ndilo lililobaki.

Naked ya 1988 ndiyo ninayoitetea. Waliirekodi Paris, wakati Paris ilikuwa imejaa wanamuziki wa Afrika ya Magharibi, ya Kati na Kongo waliokuwa wakirekodi usiku na mchana. Waliwaita baadhi yao studio: mpiga gitaa Yves N'Djock wa Cameroon, mpiga ngoma Abdou M'Boup wa Senegal, na Wally Badarou mwenye asili ya Benin kwenye vinanda. Walipiga pamoja na wageni, wakachagua kilichonoga, na maneno yakaja baadaye, kama 1980. Nusu ya kwanza ni ya jua. Katika "Nothing But Flowers", ambao gitaa lake la kuruka linapigwa na Johnny Marr wa The Smiths, Byrne anaimba kama mtu aliyekuta viwanda, barabara na maduka vimefunikwa na maua, na anavililia. Muziki unacheka, yeye anaomboleza, na vyote viwili ni vya kweli. Nusu ya pili ni nzito na imechoka. Inasikika kama watu wanaojua hawatarudia tena, na bendi ilitangaza kuachana mwishoni mwa 1991.

Aliyefika Speaking in Tongues na Remain in Light akitaka zaidi, aende Naked kabla ya Little Creatures.

Remain in Light ya 1980 au ya 2018?

Kuna chaguo moja la mwisho ambalo bendi nyingi za roki hazina. Angélique Kidjo alipoikimbia Benin mwaka 1983 na kufika Paris, alisikia "Once in a Lifetime" na kutambua humo muziki wa Afrika, ingawa walio karibu naye walisema ni roki tu. Mwaka 2018 aliirekodi albamu nzima upya, wimbo kwa wimbo, akiongeza maneno ya lugha za kwao, na Tony Allen mwenyewe akiwemo kwenye dramu. Wengi wetu tunamjua Kidjo tangu alipoimba "Malaika" kwenye Logozo ya 1991, kwa hiyo sauti yake si ngeni masikioni.

Kwa upande wa kwanza, nabaki na ya 1980. Kidjo anaipa "The Great Curve" jua na vipulizo, lakini ule mvutano kati ya dramu iliyosimama wima na magitaa yanayozunguka unapungua pale kila mtu anapoyumba vizuri, na mvutano ndio uliokuwa utamu. Kwa upande wa pili nahama. Byrne alimwimba Mojique kwa huruma ya mtu wa mbali. Kidjo anamwimba kama kijana wa mtaani kwao, na "The Overload", uliokuwa ukungu mtupu kwa wale wanne, kwake una mtu ndani anayepumua. Nusu iliyowachosha wengi mwaka 1980 ndiyo iliyopata mwenyewe mwaka 2018, na kwa nyimbo hizo za mwisho nakushauri uanze na ya Kidjo.